Acha kuandika "pamba 100%" kama hujamuuliza mteja anaenda wapi

Posti ya leo ni ndefu, ila kama unauza nguo mtandaoni na umeanza kupata wateja wa haikingi, isome mpaka mwisho kabla hujapakia picha nyingine.

Siku hizi kila wikiendi kuna kundi linaenda mahali. Dar wanaenda msitu wa Pugu, Morogoro wanapanda Uluguru, wengine wanaenda Lushoto kupiga picha Irente. Huku kwetu Moshi ndo usiseme, Materuni kwenye maporomoko na Marangu kila Jumamosi kuna Costa zimejaa. Na hawa watu wananunua nguo. Hawataki suti, wanataka fulana, kaptula, kadeti, soksi, kofia. Ni vitu vyetu kabisa sisi wenye vibanda na kurasa ndogo.

Sasa angalia tunavyowauzia. "Pamba 100%, laini balaa, inafaa haikingi, bei inboksi." Nimeandika hivyo mimi mwenyewe zaidi ya mara mia. Niliiga kwa walionitangulia, na wao sijui waliiga kwa nani. Neno pamba limekuwa kama pilipili ya kachumbari, linawekwa hata pasipohitajika. Maoni yangu ni kwamba tunawaumiza wateja na tunajinyima hela sisi wenyewe, na nitaeleza kwa nini.

Kuna kundi moja la Dar liliniagiza fulana 24 zenye jina la kundi kifuani. Walikuwa wanakuja kupanda Marangu kwa siku moja, geti mpaka Mandara halafu kurudi. Dada aliyekuwa anaratibu akaniuliza swali moja tu: "Kaka, hizi zinafaa mlimani?" Nikamjibu bila hata kufikiri, dada yangu hizi ni pamba nzito original, ndo zenyewe. Nikauza 15,000 kila moja, jumla 360,000, faida yangu ikawa 108,000. Siku hiyo nilijiona mjanja.

Mvua ikawakuta msituni wanapanda. Huwa hainyeshi kama ya mjini ile mvua, inakuja na ukungu na inakaa. Zile fulana nzito zikanywa maji, zikanata mwilini, na walipofika Mandara wakasimama kula, ndipo baridi ikaanza kazi. Dada mmoja alitetemeka mpaka akashindwa kushika kikombe. Muongozaji akamvua ile fulana ndani ya kibanda, akampa sweta lake na jaketi. Alishuka salama, Mungu mkubwa. Mratibu aliponitumia sauti jioni hakudai hela. Aliuliza tu, "Kaka, ulikuwa unajua?" Nilikaa na ule ujumbe siku mbili. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijui, na nilijibu kama ninayejua. Lile kundi linapanda mara tatu kwa mwaka na halijawahi kuniagiza tena hata kofia.

Baada ya hapo ndo nikaanza kuuliza watu. Niliwauliza wagumu, wale wanaobeba mizigo ya wageni, maana wananunua sana mitumba pale Memorial. Nikamuuliza na mzee mmoja anayeuza mashati pale tangu mimi sijazaliwa. Mengi ya haya ninayoandika yametoka kwao, mengine nimejaribu mwenyewe kwa beseni na mizani ya jikoni.

Kwanza tuelewe pamba inafanya nini. Uzi wa pamba unapenda maji. Unatoka jasho, unalinyonya, unalishika. Ndo maana kwenye joto la Dar fulana ya pamba ni raha, inakutoa jasho mwilini na lile jasho likikauka taratibu kwenye kitambaa linakupooza. Tabia hiyo hiyo ukiipeleka juu kwenye baridi inakugeuka. Ikilowa haiweki joto tena, inakaa mbichi mwilini, na inaendelea kukupooza wakati huhitaji kupozwa. Poliesta yenyewe haipendi maji, kwa hiyo hata ikilowa inakauka haraka. Ubaya wake ni harufu, jasho likikaa humo siku mbili hata ndugu yako atakaa mbali.

Nilifanya jaribio la kijinga lakini lilinifungua macho. Nilichukua fulana nzito ya pamba na jezi moja ya poliesta ya kukimbilia, nikaziloweka, nikazikamua kwa mikono, nikazianika kivulini saa tatu asubuhi. Saa saba ile jezi ilikuwa imekauka kabisa. Ile ya pamba saa kumi na moja jioni bado kola na mishono ya kwapani ilikuwa na unyevu. Na hapo ni Moshi mjini, kuna upepo wa kutosha. Sasa fikiria kwenye ukungu.

Halafu kuna suala la urefu wa mlima, ambalo sisi wauzaji wa huku chini tunalisahau. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6. Moshi mjini iko kwenye mita 800 na kitu, Mandara iko kama mita 2,700. Kwa hiyo ukiacha mji una nyuzi 30, pale juu utakuta kama 18 au 19, na hapo hujalowa na hakuna upepo. Mteja anakuandikia akiwa Mbagala anatoka jasho, anadhani mlima mzima ni hivyo. Wewe ndo unatakiwa ujue kwamba sivyo.

Ila nisieleweke vibaya. Kuna wenzetu wengine wamesoma sehemu wakahamia upande wa pili, wanasema pamba isiguswe kabisa na mtu wa milimani. Huo nao ni uongo, tena wa kuuza jezi. Mtu anayeenda Materuni anatembea asubuhi kwenye vihamba vya kahawa na migomba, anaoga kwenye maporomoko, anakunywa kahawa, saa tisa yuko hotelini. Huyo fulana nyepesi ya pamba inamtosha kabisa, na atafurahi kuliko kwenye poliesta inayonata. Pugu hivyo hivyo. Matembezi ya saa tatu au nne, mchana, kiangazi, na unarudi kulala nyumbani, hapo pamba ni mfalme. Ukisikia kulala mlimani, au mvua, au kupita mita 2,000, hapo pamba ishuke cheo. Iwe ya kulalia na ya kukaa kambini ikiwa kavu, isiwe ya kutembelea.

Kwa hiyo siku hizi mteja akisema anataka nguo za haikingi simtumii picha kwanza. Namuuliza unaenda wapi, mwezi gani, unarudi siku hiyo hiyo au unalala. Ujumbe mmoja tu. Najua utasema ukimuuliza mteja maswali anakimbilia kwa mwingine. Wapo wanaokimbia, ni kweli. Wale wanaotaka bei tu wanaona unawachelewesha. Lakini wengi wa haikingi ni mara yao ya kwanza na wana hofu kidogo, wakiona unauliza wanakaa. Na akishakujibu, badala ya fulana moja anachukua fulana mbili, kwa sababu umemwambia abebe ya kubadilisha kwenye begi, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mi mwenyewe ile fulana ya pili ndo imenilipia kodi ya fremu miezi fulani.

Sasa tuje kwenye kuchagua mzigo wenyewe, maana hapa ndo watu wanapigwa.

Uzito. Usidanganyike na neno "nzito original". Kwa matembezi ya juani unataka pamba nyepesi. Chukua mizani ya jikoni, fulana ya saizi M ikiwa kati ya gramu 140 na 170 hivi, hiyo ni nyepesi na inafaa. Ikivuka 200 hiyo ni ya kuvaa mjini, jioni, na kiatu kizuri. Ila isiwe nyepesi mpaka ukiinua kwenye mwanga unaona vidole vyako vyote, kwa sababu jua litapita vilevile, na ikilowa ndo inapitisha zaidi. Nimeona watu wanarudi na mabega yameungua wakati walikuwa wamevaa.

Kujua kama kweli ni pamba. Kwenye jumla wanakwambia pamba tupu, lebo imeandikwa pamba tupu, kumbe poliesta nusu. Yule mzee wa Memorial alinifundisha kuchomoa nyuzi chache kwenye mshono wa ndani na kuziwasha kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inabaki majivu laini ya kijivu yanayopotea ukiyasugua. Poliesta inayeyuka, inajikunja, inanuka plastiki, inaacha kidonge kigumu cheusi. Ukipata majivu na vidonge pamoja, ni mchanganyiko. Fanya nje, kwenye kisahani, nyuzi chache tu, usije ukachoma fremu ya watu ukasema ulisoma kwangu. Njia nyingine ni tone la maji. Pamba iliyofuliwa inalinyonya hapo hapo, poliesta nyingi tone linakaa juu kidogo. Lakini pamba mpya ya dukani inaweza kuwa na dawa ya kiwandani, kwa hiyo tone peke yake lisikufanye ugombane na muuzaji wa jumla.

Na mchanganyiko wala sio dhambi. Fulana ya pamba 60 kwa poliesta 40 inakauka mapema kuliko pamba tupu na bado ni laini. Kwa mteja ambaye hajui anataka nini, hiyo ndo ninayompa. Dhambi ni kuiandika 100%.

Kusinyaa. Hili limenirudishia mizigo mingi kuliko kitu kingine chochote. Pamba mpya ambayo haijafuliwa inarudi ndani. Fulana yangu moja nilipima urefu kabla ya kufua ikawa sentimita 72, baada ya kufua mara ya kwanza na kuanika juani ikawa 69. Sentimita tatu kwa mtu mwenye tumbo kama la kaka yangu ni aibu, akiinua mkono kushika tawi kila kitu kiko nje. Sasa hivi kila mzigo mpya nafua pisi moja ya kila saizi, nakausha, napima, halafu naandika kipimo cha baada ya kufua. Gharama yake ni sabuni.

Hapa mitumba inatushinda sisi wa mpya, na wauza mitumba wengi hawajui kama wana dhahabu. Nguo ya mtumba imeshafuliwa mara nyingi huko ilikotoka, kusinyaa kwake kumeshaisha. Rangi ya kuchuja imeshachuja. Na mara nyingi lebo ya ndani bado ipo, inakwambia asilimia za pamba na poliesta. Halafu ukifungua balo la michezo, zile fulana nyepesi za kukauka haraka watu wanazitupa kwenye fungu la 2,000 au 3,000 kwa sababu "sio pamba". Mimi nazichukua hizo hizo, nafua, napiga pasi ya joto dogo, nauza 10,000 kwa mtu anayepanda mlima, na namwambia ukweli kwamba ni mtumba na ni poliesta. Hakuna aliyenirudishia.

Mishono nayo angalia pale mkanda wa begi unapokaa, juu ya bega. Kama kuna mshono mnene hapo, baada ya saa mbili na begi la kilo nane ngozi inachubuka. Fulana ambazo mshono umesogezwa mbele kidogo ya bega ndo nzuri. Na kama unachapisha maandishi ya kundi, washauri wapunguze. Ile nailoni kubwa ya kifuani inaziba hewa, mtu anatoka jasho chini yake kama yuko ndani ya mfuko. Jina dogo upande wa kushoto linatosha, mgongoni achana napo kabisa, begi litalifunika hata hivyo. Mratibu atakataa kwanza kwa sababu ya picha. Mwambie picha inapigwa mbele.

Rangi nyeusi na bluu iliyokolea kwa wanaokwenda mbugani, yaani sio mlimani bali porini kwenye mbung'o, wambie mapema. Mbung'o wanavutiwa na hizo rangi, na wanauma hata juu ya nguo. Khaki, kijivu, kijani iliyofifia, hizo ni salama na hazionyeshi vumbi. Rangi kali mpya mjaribie kwa kitambaa cheupe kilicholowa, sugua, ukiona imehama basi jasho pia litaihamisha.

Jinzi sitaki hata kuiongelea sana. Ni pamba, tena nzito, ikilowa inakuwa kama umevaa gunia la mchanga na goti halikunjiki. Kadeti nyepesi yenye mvutiko kidogo ni bora mara kumi. Soksi za pamba tupu kwa mwendo mrefu zinashika jasho, ngozi inalainika, inasuguliwa, malengelenge yanatoka. Uza za mchanganyiko, hata kama hazivutii pichani.

Na kitu kingine ambacho nimekiona kwenye kurasa kadhaa mwezi huu: suruali za mabaka kama za jeshi, zimeandikwa "za haikingi". Ndugu zangu, hizo ni marufuku kwa raia hapa Tanzania, kuvaa na kuuza. Hata kama zimekuja kwenye balo na ni nzuri, usizipige picha. Mteja wako akikamatwa njiani atataja namba aliyolipia, na namba ni yako.

Sasa kapsheni. Mimi nilikuwa naandika sana, moto moto, emoji sita. Siku hizi naandika kama hivi:

"Fulana ya pamba nyepesi, gramu 155, saizi M. Urefu sm 69 baada ya kufuliwa. Inafaa matembezi ya mchana kwenye joto, kama Materuni au Pugu. Haifai kulala mlimani wala kwenye mvua, kwa huko niulize nikupe nyingine. 12,000, Dar naituma kwa basi."

Mwanzoni niliogopa lile neno "haifai". Nani anaandika bidhaa yake haifai? Lakini ndo sentensi inayoniletea maswali mengi zaidi. Mtu anasoma, anaona kumbe kuna ya mlimani na ya chini, anauliza. Na bei iko pale pale, sio inboksi. Ukificha bei mtu wa haikingi anadhani unataka kumuuzia bei ya mzungu.

Kuna mwenzangu mmoja hapa mjini hatuelewani kwenye hili. Yeye anasema kazi ya muuzaji ni kuuza, mtu mzima anajua anakokwenda, na kama ana wasiwasi akamuulize muongozaji wake. Ana hoja, sikatai. Mteja naye ana jukumu lake. Lakini nikikumbuka ile meseji, yule dada hakuuliza muongozaji, aliniuliza mimi, kwa sababu mimi ndo niliyekuwa na fulana mkononi. Muongozaji alikutana naye getini asubuhi, fulana imeshavaliwa. Kati ya kuulizwa na kujibu palikuwa na sekunde kama kumi za kusema "sina uhakika, ngoja nikuulizie kwa watu wanaopanda". Hizo sekunde zingenikosesha 108,000 labda. Au labda ningeuza fulana 24 nyepesi na jezi 24 za kubadilisha, siwezi kujua.

Yule dada aliyetetemeka nilipata namba yake baadaye kwa mratibu. Nikamtumia fulana mbili za kukauka haraka kwa basi, nauli juu yangu. Alipokea, akaandika asante, akaweka na kialama cha mlima. Sijui kama amepanda tena.

Kesho nafungua balo dogo la michezo, nitapiga picha za lebo za ndani kwa karibu ili wanaoanza waone zinavyosomwa. Kama una fulana hujui ni kitambaa gani, chomoa nyuzi leo usiku uziwashe, uje kesho na majibu tulinganishe.